Vikabichi vya Mkongani

Mwanafatuma binti Mwero hakuwa mtu wa uongo. Waliokuwa wakinunua mboga kwake hapo Mkongani walijua kwamba fungu lake la mchicha ni lile lile nje na ndani, halifichi majani ya manjano katikati, na biringani iliyoingiwa na mdudu aliitenga mwenyewe kabla mnunuzi hajaiona. Ndiyo maana hata yeye alistaajabu siku ulimi wake ulipotamka jambo ambalo halikuwako.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, naye alikuwa ameteremka Diani kama desturi yake, mara mbili kwa wiki, kupeleka mboga katika hoteli moja ya ufukweni. Alikuwa na miaka sita akiipelekea hoteli hiyo bamia, biringani, matango na pilipili. Mpishi mkuu, Tofiki, mtu wa Wasini aliyelelewa akaleleka, hakuwahi kumpokea bila ya shikamoo wala kumwacha aondoke bila ya kikombe cha chai. Baada ya salamu Tofiki alimuuliza kama ana vikabichi. Akamweleza kwamba si kabichi hizi tulizozizoea, zinazokaa chini, bali ni ndogo ndogo, kila moja kiasi cha ndimu changa, na huota zimejipanga ubavuni mwa shina moja refu toka chini hadi juu. Wageni wa Kiingereza, alisema, Krismasi kwao haijatimia mpaka viwepo mezani. Kisha akaongeza, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba kuna bwana mmoja wa Ukunda aliyesema anaweza kuvileta, pamoja na mboga nyingine zote.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma.

"Ninavyo," Mwanafatuma alisema. "Viko shambani, vinaendelea vizuri."

Njia nzima ya kurudi aliketi nyuma ya bodaboda na kikapu kitupu mapajani, akijaribu kukumbuka vikabichi vina sura gani. Alikuwa ameviona mara moja tu maishani mwake, juu ya ubao wa kukatia katika jiko lile lile, na siku hiyo alidhani ni kabichi zilizovunwa kabla ya wakati wake.

Lililofuata lilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia. Disemba ilipokaribia alikwenda sokoni Kongowea, akampata mchuuzi anayeletewa mboga kutoka bara, akanunua vikabichi, mifuko mitatu ya neti. Nyumbani alivitoa kwenye neti, akavitia katika kikapu chake cha ukindu, akavifunika kwa majani ya mgomba na kuvipeleka. Tofiki alikata kimoja katikati, akakitazama, akasema hajapata kuona vilivyofunga namna ile katika mkoa wa Pwani. Mwanafatuma aliitikia alhamdulillahi, akainama kukunja majani ya mgomba.

Mambo yangeishia hapo lau Tofiki hangekuwa mtu wa shukrani. Mwezi wa Januari alimkabidhi kadi nzuri ngumu, ile inayowekwa mezani ili wageni wachague chakula. Ndani yake palikuwa na mstari uliosema kwamba vikabichi vya hoteli hiyo vimetoka katika shamba la Mama Bushra, Mkongani. Mama Bushra ni yeye. Bushra ni bintiye mkubwa, aliyeolewa Msambweni. Mume wa Mwanafatuma, Othman, aliyekuwa akiendesha mashua ya watalii huko Shimoni na kurudi nyumbani kila Alhamisi, aliisoma kadi ile mara mbili, kisha akaipigilia ukutani sebuleni, juu ya kalenda. Kila aliyeingia alioneshwa. Othman hakuwa na habari ya Kongowea, na Mwanafatuma hakupata pa kuanzia kumwambia.

Akajiambia kwamba dawa ni moja tu. Akivipanda kweli, na vikaota kabla ya Krismasi nyingine, basi lile alilolisema litakuwa limekwisha kuwa kweli, ila tu limechelewa. Alinunua pakiti ya mbegu Kwale mjini, akatengeneza kitalu, na miche ilipofika kimo cha kiganja akaihamishia kwenye tuta bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Hakuwa mgeni wa kilimo. Alilima mpaka udongo ukawa mwororo kama unga, akamimina samadi ya mbuzi bila ya kipimo, akanywesha asubuhi na jioni. Miche ikapanda kwa furaha. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa inampita kiuno, majani mapana kama miavuli, na jua la kaskazi likiichoma.

Lakini penye kila kikonyo, mahali ambapo pangekuwa na kikabichi, palitoka kishada cha majani yaliyofumuka, kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Na ndani ya vishada hivyo walijaa vidukari wa kijivu, wamegandana.

Aliyemkuta amesimama mbele ya tuta hilo ni jirani yake, Rispah Kombe. Rispah alikuwa Mduruma wa Kinango, mjane, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Alikuwa ameishi miaka tisa huko bara akifanya kazi katika mashamba makubwa ya mboga, mpaka mumewe alipofariki akarudi kununua kipande cha ardhi hapo Mkongani. Alikuwa amekuja kuazima toroli. Badala yake alichuchumaa, akashika shina moja kwa vidole viwili akalitikisa. Shina likayumba huku na huku.

"Hizi sprauti umezilaza juu ya godoro," alisema, akiviita vikabichi kwa jina alilolizoea huko bara.

Akaeleza. Mmea huo, alisema, hautaki udongo laini. Unataka udongo ulioshindiliwa, mche ukishapandwa uukanyage pembeni kwa kisigino mpaka ukivuta jani, jani likatike kabla mche haujang'oka. Udongo ukilegea, na vikabichi navyo hulegea. Samadi nyingi hunenepesha majani tu. Na juu ya yote, mmea huo ni wa baridi. Kuupanda Januari hapa Pwani ni kumvika mtu koti jua la mchana. Kama kuna wakati wowote wa kubahatisha, ni huu wa kuotesha kitalu Aprili na kuhamisha mwisho wa masika, ili vikabichi vifunge katika kipupwe, Mkongani ikipata ubaridi wake wa vilimani na ukungu wa asubuhi. Hata hapo, alisema, asitarajie makubwa.

Mwanafatuma alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa mtu huyu ndiye wa kwanza kumuuliza kwa nini anahangaika na mmea usiopenda kwao, akamwambia yote: ulimi ulivyoteleza, Kongowea, kikapu cha ukindu, kadi ukutani. Rispah hakumlaumu wala hakumpoza. Alisema tu kwamba mbegu iliyobaki kwenye pakiti itatosha miche sitini, na kwamba atakuja Jumamosi wapime tuta jipya, mbali na lile la sukuma wiki, maana wadudu na magonjwa ya sukuma wiki na ya kabichi ni ya ukoo mmoja.

Wakaotesha. Mvua za masika zilipopungua wakahamisha miche jioni, mmoja mmoja, hatua moja kubwa kutoka mche hadi mche. Mwanafatuma alishindilia kwa kisigino kama alivyoelekezwa, na mara ya kwanza alijihisi kama anautesa mmea. Wakatandaza nyasi kavu chini ili udongo usipate joto. Upande wa magharibi wakasimamisha makuti juu ya fito, jua la alasiri lisipige moja kwa moja. Viwavi walipoanza kutoboa majani, alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka usiku kucha, akachanganya na sabuni kidogo, na kunyunyizia chini ya majani, mahali wanapojificha. Waliobaki aliwaokota kwa mkono. Miche tisa ilikufa. Iliyobaki ilisimama imara, mifupi kuliko ile ya kwanza, na majani yake yakapiga rangi ya kijanibluu kama ya moshi.

Mwezi wa Juni Tofiki alimpa habari aliyodhani ni njema. Mwisho wa Julai hoteli ingeleta kikundi cha wageni Mkongani kulitazama shamba la vikabichi, wapigwe picha, wanywe madafu. Meneja ameshakubali. Mwanafatuma aliuliza kama haiwezekani wangoje kidogo. Tofiki akasema wageni wameshapangiwa siku.

Alirudi akahesabu miezi kwa vidole. Mwisho wa Julai mimea yake ingekuwa na majani tu. Alianza kuwaza namna ya kusema: kwamba vimevunwa vyote juzi, kwamba tumbili wamevila, kwamba huu si msimu. Kila alipoupata uongo mmoja aliona unahitaji mwenzake wa kuusaidia kusimama. Hata hivyo, labda angechagua mmojawapo, kama Hafswa hangekuja.

Hafswa alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, mwanamke wa vitendo, asiyeketi mpaka amalize lililomleta. Alikuja asubuhi moja akatazama kadi ukutani, akaigusa kwa kidole. Akasema chama kimekaa kikao na kimekubaliana. Ile nusu ekari ya muhogo ya chama wataing'oa yote wiki ijayo na kupanda vikabichi, kama Mama Bushra alivyofanya, wapate kuuzia mahoteli. Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Walitaka yeye awafundishe, na walitaka kujua alipanda lini vile vya Krismasi.

Mwanafatuma aliwajua wote kumi na mmoja. Mwanamke mmoja katika hao alikuwa na watoto sita, na muhogo ule wa chama ndio uliomvusha miezi ya njaa mwaka uliopita.

"Msiung'oe muhogo," alisema. "Vile vya Krismasi sikuvipanda. Nilivinunua Kongowea."

Hafswa alitabasamu, kama mtu anayengojea kuambiwa kwamba ni mzaha. Alipoona hakuna mzaha, aliuliza kama Othman anajua. Mwanafatuma akasema hapana. Akauliza kama hoteli inajua. Hapana. Hafswa akachukua mkoba wake, akasema ahsante kwa kumwambia kabla ya jembe kuingia ardhini, akaenda zake. Hakuahidi kunyamaza, wala Mwanafatuma hakumwomba.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya kupeleka mboga. Mwanafatuma alipanga vikapu kama kawaida na kuteremka Diani. Tofiki alipomaliza kupima biringani, Mwanafatuma alimwomba watoke nje kidogo. Wakasimama penye mitungi ya gesi, mahali wapishi wanapovutia sigara, naye akamweleza bila ya kuzunguka. Tofiki alivua kofia yake nyeupe akaishika mkononi.

"Mama, ungeniambia huna, ningekuelewa," alisema. "Wallahi ningekuelewa. Mimi nimesimama mezani mbele ya watu nikawasimulia shamba lako. Nimewaambia umande, nimewaambia vilima. Sasa mimi ni nani?"

Mwanafatuma alisema ameandaa tuta, mimea ipo, itazaa inshallah mwezi wa tisa, lakini sauti yake mwenyewe ilimwonesha kwamba hayo siyo aliyoulizwa. Tofiki akasema mboga za leo zitapokelewa kwa sababu zimekwisha kufika. Za Alhamisi asilete. Wageni wa Julai ataliangalia yeye jambo lao na meneja. Kisha akamwambia "Kwaheri, mama," kwa adabu ile ile ya siku zote, na adabu hiyo ilimuuma zaidi kuliko kama angemfokea. Siku hiyo hakukuwa na chai.

Alhamisi Othman alirudi kutoka Shimoni akakuta kadi haipo ukutani, pamebaki tundu la msumari. Mkewe alimsimulia wakiwa wamekaa kwenye baraza, akianzia mwanzo. Othman alimsikiliza mpaka adhana ya magharibi. Kabla ya kuinuka kwenda kutawadha alisema kwamba kinachomsikitisha ni kujua kwamba alikaa na jambo hilo miezi minane bila ya kumwambia, ilhali yeye anakula naye sahani moja kila wiki. Basi. Hakulirudia tena.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Mboga zilikuwa nyingi kuliko walaji wa Mkongani. Mwanafatuma alizipeleka soko la Kwale na kuziuza kwa mafungu juani, kazi aliyokuwa ameiacha miaka sita. Biringani nyingine zilizeeka mtini. Tuta la vikabichi sasa halikuwa na mwenyewe: hapakuwa na mgeni wa kulitazama wala jiko la kulipokea. Rispah alimuuliza kama ang'oe, wapande kitu kingine. Mwanafatuma alifikiri, akasema acha viwepo. Alikuwa ameitia kazi yake humo, na alitaka kuona mwisho wake.

Basi akaendelea. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, alipita mstari hadi mstari. Majani ya chini yaliyoanza kuwa ya manjano aliyavunja kwa kuyasukuma chini, ili hewa ipite na nguvu iende panapohitajika. Mwanzo wa Agosti aliona vinundu, vidogo kama punje za mbaazi, vimejibana penye vikonyo. Aliinama akavigusa. Vilikuwa vigumu. Alimwita Rispah kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, jambo asilolifanya kwa kawaida, na Rispah akaja na unga mikononi.

Vilipofika ukubwa wa ncha ya kidole gumba, Rispah alimwonesha kukata kichwa cha mmea, ili uache kurefuka na kunenepesha ulichonacho. Vingine havikufunga, vile vya juu hasa, vilivyokuta siku za joto za mwisho wa Agosti, vilifumuka kama vya mwanzo. Lakini vya chini vilijikaza. Mimea thelathini na minane ilizaa, kila mmoja vikabichi kumi na vitano, ishirini, si zaidi, na vikubwa vyake vilifika kiasi cha gololi kubwa. Rispah alisema kule bara wangevitupia ng'ombe. Kisha akasema kwamba kwa hapa, hakuwa na hakika kama vingefika hivyo.

Vya kwanza walivipika wenyewe. Mwanafatuma alivikata kati, akavikaanga na kitunguu, akatia tui zito na pilipili. Othman alikula, akasema vina uchungu kidogo, kisha akaongeza tena sahanini.

Tofiki alikuja katikati ya Septemba, siku yake ya mapumziko, kwa pikipiki yake mwenyewe, bila ya kutoa habari. Nani aliyempasha, Mwanafatuma hakuuliza. Alidhani ni Hafswa, ambaye mpwa wake alikuwa akifua mashuka katika hoteli ile. Walisalimiana, shikamoo na marahaba, na Tofiki akaomba kuliona tuta. Alitembea kati ya mistari akiwa na viatu vyake vya mjini, akichuchumaa hapa na pale. Alitazama makuti kwenye fito, nyasi chini, makovu ya majani yaliyovunjwa. Akachuma kikabichi kimoja kutoka chini, akakibinya, akakikata kwa kisu chake kidogo. Ndani kilikuwa kimefunga, manjano kwa nyeupe, jani juu ya jani. Akakitafuna kibichi.

"Hivi ni vyako," alisema.

"Hivi ni vyangu."

Akavuna naye. Walipata kikapu kimoja, hakikujaa. Tofiki akasema vitatosha usiku mmoja, meza chache. Mwanafatuma alimwambia achukue vile vidogo pia, ni vitamu zaidi, naye akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Kisha Tofiki alimweleza hali ilivyo. Yule bwana wa Ukunda sasa ndiye anayeleta mboga nyingi, na si haki kumwondoa kwa kosa lisilo lake. Lakini biringani zake hazifiki hizi za Mkongani. Biringani na mchicha, Jumanne peke yake, kama Mama Bushra bado anataka. Mwanafatuma akasema anataka. Ilikuwa chini ya nusu ya alichokuwa akipeleka zamani, na hakujaribu kuomba zaidi.

Tofiki alipokwisha kufunga kikapu nyuma ya pikipiki aliuliza kama ataweza kupata vingine wakati wageni watakapokuwa wengi, mwisho wa mwaka.

"Hapana," Mwanafatuma alisema. "Mwisho wa mwaka huku havifungi. Mwenye kukuambia ana vikabichi vya Mkongani mwezi huo, usimsadiki."

Tofiki akaitikia kwa kichwa, akapiga pikipiki moto.

Wiki hiyo hiyo Hafswa alifika na wanawake wawili wa chama. Hakulitaja lililopita. Mwanafatuma aliwapitisha kwenye tuta na kuwahesabia bila ya kupunguza: sitini alipanda, tisa ilikufa mapema, kumi na mitatu haikufunga, na miezi mitano na ushei kutoka mbegu hadi sufuria. Wakatazamana. Hafswa alisema muhogo wa chama utabaki pale ulipo. Mmoja katika wale wawili, mwanamke kijana mwenye bustani karibu na kisima, aliomba mbegu kidogo ajaribu miche kumi tu, na Mwanafatuma akamwambia arudi mwezi wa nne, waoteshe pamoja.

Mwisho wa Septemba waling'oa mashina. Yalikuwa yameshika ardhi sawasawa, ikabidi Rispah ashike juu na yeye achimbe chini kwa jembe. Walipoyakatakata, mbuzi wa Rispah waliyagombania. Tuta likabaki tupu, gumu kwa visigino vya miezi minne. Rispah alisema wasirudishe kabichi wala sukuma wiki mahali hapo kwa msimu mzima, au miwili. Watie kunde, mvua za vuli ziko karibu. Mwanafatuma akaingia ndani kutafuta mbegu za kunde, akaziona ndani ya chupa juu ya kabati, akazimimina kwenye kanga na kuanza kuzitenga zilizotobolewa na wadudu.